Kuku Chini ya Kiti: Tulivyomsoma Theroux Albert Park

Wengi wenu mnaujua mtaa wetu wa Albert Park hapa Durban, karibu na bandari, hata kama hamjaufikia. Ukipita Diakonia Avenue jioni unaweza kusikia Kiswahili cha Bukavu, cha Bujumbura na cha Temeke kabla hujasikia Kizulu. Jumapili baada ya ibada tunakutana watu saba au wanane, tunasoma kitabu na kubishana. Safari hii tulikisoma Dark Star Safari cha Paul Theroux, kilichotoka mwaka 2002, tukitafsiriana kipande kwa kipande kwa kuwa Kiingereza hakijui kila mtu.

Tulikichagua kwa sababu ya njia. Theroux, Mmarekani aliyekuwa anatimiza miaka 60, alitoka Cairo hadi Cape Town kwa nchi kavu, na sehemu ya njia hiyo sisi tunaijua kwa mgongo na magoti: Mbeya, mpaka wa Kasumulu, mto Songwe, Karonga, halafu Malawi yote kwenda kusini. Ni nchi ndogo, kama kilomita za mraba 118,000 na ziwa likiwemo, lakini imerefuka kama mshipi. Anayeivuka kwa basi kutoka Songwe hadi mpaka wa Mwanza ana kama kilomita 1,000 za kukaa.

Tuanze na sifa, maana mzee huyu si mtalii wa wiki moja. Alifundisha Soche Hill, karibu na Blantyre, miaka ya 1960, akafukuzwa nchini mwaka 1965, akaenda kufundisha Makerere. Riwaya yake ya Jungle Lovers ilipigwa marufuku na serikali ya Banda. (Vijana wasiojua: enzi za Banda mwanamke hakuruhusiwa kuvaa suruali, na mgeni mwenye nywele ndefu alinyolewa mpakani, hata awe na shanta la bei gani.) Anapowasema wafanyakazi wa misaada wanaompita barabarani na magari yao meupe bila kumpa lifti, sote tulicheka na kupiga makofi. Nani kati yetu hajapitwa na gari lile?

Ugomvi wetu na kitabu unaanzia ndani ya basi. Anaposhuka Soche Hill na kukuta shule imechakaa na maktaba haina vitabu, uchungu wake ni wa kweli. Lakini anachokitafuta ni ujana wake, na Malawi inalaumiwa kwa kutomtunzia. Huko basini abiria wanakuwa msongamano, harufu na joto. Hawana wanakokwenda. Mama mmoja wa Bukavu, ambaye muda wote alikuwa kimya akichambua sombe, aliuliza: "Huyo mzee alikuwa anakwenda kwa nani?" Tukatazamana. Kwa mama huyu safari ni kwenda kwa mtu, au kumkimbia mtu. Kwenda kuangalia tu ilibidi tumweleze mara mbili.

Na Theroux ni afadhali. Vitabu vya vijana wa mashanta wanaopita Malawi kwa basi vimekuwa kama vimekatwa kwa pateni moja. Basi halitoki mpaka lijae, chini ya kiti yupo kuku, tairi linapasuka, wenyeji wanatabasamu, na mwisho ni Nkhata Bay, ufukwe na bia. Tuchukue kuku huyo. Msomaji anachekeshwa naye, lakini mwandishi hamwulizi mwenyewe kuku anapelekwa wapi. Kuku wa basini ana kazi. Pengine ni zawadi ya mkwe, au shukrani kwa aliyemlipia mtoto ada, au ndiye nauli ya kurudia, akishauzwa mjini. Hadithi ilikuwa pale pale miguuni pa mwandishi, akaiandika kama kichekesho.

Hata basi kusubiri lijae lina maelezo. Dereva wa minibasi mara nyingi ana hesabu ya kumpelekea tajiri kila siku, na mafuta ni juu yake. Akiondoka na viti vitupu, watoto wake ndio watakaolala njaa. Yeyote aliyepanda daladala analijua hili. Mwandishi aliyekaa saa tatu stendi angelijua kwa kumwuliza konda swali moja, badala yake anatupa kurasa mbili juu ya Mwafrika na saa.

Halafu kuna yale ambayo pasipoti ya bluu haikupi nafasi ya kuyaona. Ukikaribia Lilongwe kuna njia ya kwenda Dzaleka, wilaya ya Dowa, iliyokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa na tangu 1994 ni kambi ya wakimbizi. Mwenye shanta hupita. Wenzetu wengi waliingia, wakakaa miaka. Kiswahili kinazungumzwa humo hadi sokoni, na tangu 2014 kuna tamasha linaloitwa Tumaini, lililoanzishwa na mshairi wa Kikongo aliyekuwa mkimbizi humo. Mbele zaidi ni Tete, Msumbiji, ambako Machi 2020 Waethiopia 64 walikutwa wamekufa ndani ya kontena la lori lililotoka Malawi. Barabara ni ile ile.

Msituambie kwamba Waswahili hatuna desturi ya kuandika safari. Mwaka 1901 Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, na humo Salim bin Abakari, Mngazija mtumishi wa Mjerumani, anaeleza alivyofika Urusi na Siberia. Anaeleza watu wanavyokula na wanavyoishi, kama mtu anayejua kwamba nyumbani wataulizia. Kwa maoni yetu Salim anamshinda Theroux kwa jambo hilo moja, ingawa Theroux anamshinda kwa mengi mengine, hasa ucheshi.

Miongoni mwetu yupo fundi cherehani wa Uvira aliyeivuka njia hii mwaka 2006, baada ya miaka mitatu ya Dzaleka. Tulipomaliza kitabu alituletea daftari la shule. Ameandika kurasa 11 kwa penseli, kuanzia Kigoma: nauli ya kila kipande, jina la utani la kila konda, na mama wa Karonga aliyemgawia nsima na usipa bila kumwuliza karatasi. Kurasa zinaishia mpaka wa Mwanza. Tulimwomba atuandikie na Tete. Akasema daftari amenunua jingine, ila hajalifungua.