Mstari wa 14 Hausomwi

Kuna andiko ambalo ukikaa Kakuma huwezi kulikwepa. Liko nyuma ya bodaboda, juu ya mlango wa kinyozi, kwenye fulana za korale, kwenye status za simu. Ni Wafilipi 4:13, pale Paulo anapotaja nguvu aliyo nayo na yule anayempa. Na karibu yake kuna mstari wa 11, wa kuridhika, ambao hauandikwi kwenye fulana lakini unahubiriwa sana, hasa mwezi ule mgao umepungua.

Mimi nafanya kazi na vijana, na vijana wanasikiliza mahubiri kuliko wakubwa wanavyodhani. Wakitoka kanisani wanaleta maswali. Swali moja limerudi mara nyingi tangu 2025: eti kulalamika kuhusu chakula ni dhambi? Kwa hiyo hapa nataka kufanya kile ambacho jarida letu linafanya kwa hadithi na mashairi, yaani kusoma maandishi yenyewe na kuuliza kama yanasema kile tunachoambiwa yanasema. Sihukumu mchungaji yeyote. Nahukumu usomaji.

Usomaji wenyewe uko wa aina mbili, na ukisikiliza haraka utafikiri unapingana. Wa kwanza ni wa mbegu. Mhubiri anashika mstari wa 13 na kusema kwamba unaweza yote, basi unaweza visa, unaweza nyumba, unaweza Australia, ila panda mbegu kwanza. Usomaji huu sitauchelewesha. Januari 2025 Marekani iliposimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, watu waliokuwa wameshauza magodoro na masufuria wakingoja ndege walibaki hapa, na mbegu zao hazikurudishwa. Kila mtu anajua hilo, hata wanaoendelea kupanda.

Usomaji wa pili ndio mgumu, kwa sababu una heshima. Huu unasema: dunia ya leo imejaa tamaa, simu zinatuonyesha vya wenzetu, kijana anaona rafiki yake wa darasa la nane amesimama kwenye theluji na koti jipya anaanza kudharau uji wa mama yake. Mkristo aridhike na alicho nacho. Paulo aliridhika akiwa gerezani, wewe ni nani? Ukisikia hivyo unanyamaza, maana kuna ukweli ndani yake. Simu kweli zinatula. Nimeona vijana ambao hawana shida na maisha yao mpaka saa nne usiku wanapofungua TikTok.

Lakini tufungue barua.

Paulo anaiandika akiwa amefungwa. Wataalamu wanabishana kama ni Roma au mji mwingine, na kwetu si muhimu. Muhimu ni hili: gereza la Warumi halikuwa na wajibu wa kumshibisha mfungwa kama tunavyofikiria jela za sasa. Mfungwa aliishi kwa yale ambayo ndugu na marafiki walimletea. Wakristo wa Filipi, mji wa Makedonia, walisikia, wakachanga, wakamtuma mtu wao Epafrodito apeleke. Njiani au akiwa huko Epafrodito aliugua karibu kufa. Paulo anamrudisha nyumbani na barua hii mkononi, na sura ya 4 kuanzia mstari wa 10 ni shukrani kwa msaada uliofika.

Kwa maneno mengine, andiko letu kubwa la kuridhika limo ndani ya barua ya mtu aliyepokea msaada, akiwaandikia waliomsaidia. Nimehudhuria ibada nyingi na sijasikia jambo hili likisemwa, na ninashangaa, maana kama kuna mahali pa kulielewa ni hapa.

Soma kwa mpangilio. Mstari wa 10, anafurahi kwamba wamemkumbuka tena. Wa 11 mpaka 13, anaeleza kwamba hasemi hivyo kwa kulilia vitu, amejifunza kuridhika, anajua njaa na anajua kushiba. Halafu unakuja mstari wa 14, na huo unaanza kwa neno la kugeuza, kama mtu anayesema “hata hivyo”. Hata hivyo, anawaambia, mlifanya vema kushiriki taabu yangu. Analiita jambo kwa jina lake, taabu. Kuridhika kwake hakukufanya njaa iwe kitu kidogo, wala hakukuwaambia Wafilipi kwamba wangeweza kubaki na pesa zao. Mhubiri akisimama kwenye mstari wa 13 na kufunga Biblia, amemkata Paulo katikati ya sentensi. Ni kama kumnukuu mama aliyesema “nimeshukuru, lakini watoto hawajala”, ukaandika kwenye ripoti kwamba mama ameshukuru.

Mistari inayofuata ndiyo ningependa wafanyakazi wa mashirika waisome polepole. Paulo anaeleza uhusiano wake na Wafilipi kama ushirika wa kutoa na kupokea. Anatumia maneno ya hesabu, kama mtu wa duka. Anataja kwamba alipokuwa Thesalonike walimtumia zaidi ya mara moja. Na katika mstari wa 18 anasema amepata vyote kwa ukamilifu. Neno la Kigiriki alilotumia pale ndilo watu wa zama zake waliloandika kwenye risiti: nimepokea, hakuna deni. Sisi tunaweka kidole kwenye mashine. Yeye aliandika risiti yake mwenyewe, na ndani ya risiti akawapima waliotoa, akataja nani alikuja na kwamba makanisa mengine hayakushiriki. Hapa kambini ripoti ya msaada huwa inaandikwa na anayetoa, kumhusu anayepokea. Katika Wafilipi anayepokea ndiye anashika kalamu. Hata Epafrodito, ambaye leo tungemwita mfanyakazi wa misaada, anatathminiwa na aliyesaidiwa, na alama alizopata ni nzuri: Paulo anaagiza wamheshimu kwa sababu alihatarisha maisha.

Sasa neno lenyewe. Biblia yetu ya zamani ya Kiswahili inatumia “radhi” pale, na mimi nalipenda kuliko “kutosheka”. Kutosheka kunatoka kwenye kutosha, na kutosha ni kipimo. Kilo za unga zinatosha au hazitoshi, hiyo ni hesabu, hata mtu asiye na imani anaweza kupima. Radhi ni kitu kingine. Ni moyo kukubali. Ndiyo maana tunaomba radhi, tunatafuta radhi za wazazi, na ndiyo maana mtafiti akija na maswali yake anatuletea fomu ya ridhaa. Wafanyakazi wanajua sheria ya fomu hiyo: anayesaini ni mhusika. Jirani hawezi kukusainia. Mtu akikusainia bila wewe kujua, hakuna ridhaa, kuna kughushi. Basi mtu aliyeshiba akisimama mbele ya wenye njaa na kutangaza kwamba wameridhika, au kwamba wanapaswa kuridhika, amesaini fomu isiyo yake. Paulo alisaini yake tu. Kila kitenzi katika mistari ile ni “mimi”: nimejifunza, najua, naweza. Hakuna “mridhike” hata moja pale.

Mtu atasema, sawa, lakini Paulo huyo huyo aliwafundisha wengine kuridhika, soma 1 Timotheo 6. Tusome. Pale kuna kuridhika, ndiyo, ila kuna sakafu: chakula na mavazi. Mwandishi anaanza kuongea habari ya kuridhika baada ya sahani kuwa mezani. Na anaowaonya katika mistari inayofuata ni wanaotaka kuwa matajiri, kisha mstari wa 17 na wa 18 anawageukia matajiri wenyewe na kuwaagiza wagawe. Kulichukua andiko hilo na kuliweka kwa familia ambayo mgao wake umeondolewa ni kukosea anwani.

Halafu kuna ushahidi ambao kwangu unamaliza ubishi. Wakristo wa Yerusalemu walipokuwa maskini, Paulo alifanya nini? Kama kuridhika kungekuwa dawa yake ya njaa za watu, angewaandikia Yerusalemu barua ya kuwatia moyo wavumilie. Badala yake alitumia miaka akizunguka makanisa akikusanya mchango. 2 Wakorintho sura ya 8 na ya 9 ni karibu yote kuhusu pesa hiyo: nani ameahidi, nani amechelewa, nani ataisindikiza isije ikasemwa imeliwa. Na sababu anayoitoa ni usawa, kwamba wingi wa huyu uzibe upungufu wa yule. Njaa ya tumbo lake aliijibu kwa kuridhika. Njaa ya wengine aliijibu kwa kapu la sadaka. Sisi tumegeuza: kuridhika tunawapa wengine, kapu tunalipitisha kwetu.

Najua kuna msomaji anasema huyu kijana anataka kuharibu faraja ya wazee. Hapana. Kuridhika kupo, nimekuona. Kuna mama katika blok yetu aliyetoka Fizi, ambaye nikimkuta anachambua maharagwe yake machache natamani kukaa karibu naye tu. Hajaribu kumfundisha mtu. Ukimuuliza kama mgao unatosha atakwambia wazi hautoshi, na atakwambia ni vikombe vingapi vimepungua, kisha ataendelea kuimba. Kwake hayo mawili hayagombani, na wahubiri wangemsoma yeye kabla ya kuandaa mahubiri.

Pia kuna nusu ya mstari wa 12 inayosahauliwa na pande zote. Paulo anasema amejifunza pia kushiba, na kuwa na vingi. Kumbe kushiba nako kuna masomo yake! Hayo anafundishwa nani? Sijasikia semina yake kwenye kampaundi zenye jenereta na maji baridi, wala kwa ndugu zetu waliofika Marekani na Kanada ambao sasa wanasahau kupiga simu. Wakati wa Paulo, Seneca kule Roma aliandika vizuri sana kuhusu kudharau mali, naye alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa mji. Maneno yake mengine yanafanana na ya Paulo mpaka unashtuka. Tofauti iko mahali pa kuandikia.

Tukirudi kwa swali la vijana kuhusu kulalamika, jibu liko mji ule ule wa Filipi, Matendo 16. Kila mtu anajua usiku wa manane Paulo na Sila walivyoimba gerezani. Korale zetu zina nyimbo zisizohesabika juu ya usiku ule. Asubuhi yake haina wimbo. Asubuhi wakuu wa mji walituma watu waseme, waachilieni waende. Mlango wazi, uhuru bure. Paulo akakataa. Akasema wametupiga hadharani bila hukumu, nasi ni raia wa Roma, na sasa wanataka kututoa kwa siri? Waje wenyewe watutoe. Na wakaja, wakiwa na hofu, wakawasihi. Huyo ndiye mtu wa kuridhika. Usiku aliimba, asubuhi akadai utaratibu ufuatwe, na Luka anaandika yote mawili bila kuona haya.

Mwaka 2025 watu walipoandamana hapa kwa ajili ya chakula, na baadaye familia zilipogawanywa kwa makundi na wengine kubaki bila kitu, nilisikia mahubiri ya usiku wa manane mara nyingi. Ya asubuhi sikusikia. Kikundi chetu cha vijana sasa kinasoma sura hiyo mpaka mstari wa 40, na Wafilipi 4 mpaka wa 20. Wiki iliyopita msichana mmoja aliuliza kama Wafilipi walijibu ile barua. Biblia haituambii. Tumekubaliana kila mmoja ajaribu kuandika jibu hilo, ukurasa mmoja, kama mtu wa Filipi aliyechanga na sasa amepokea risiti.