Kamera Katika Hewa ya Pwani

Adui mkubwa wa kamera katika nyumba ya pwani ni ukungu. Mchanga hukwaruza, chumvi hula chuma, mtoto huangusha. Lakini hasara hizo huonekana siku ileile, na mwenye chombo hujua la kufanya. Ukungu huota gizani, ndani ya lenzi iliyofungwa vizuri mfukoni mwake juu ya kabati, ikingoja harusi ijayo. Vijimbegu vyake vimo katika hewa ya kila nyumba. Vikipata chakula kidogo, yaani vumbi, mafuta ya vidole au gundi inayoshikilia vioo, na vikapata hewa yenye unyevu unaozidi asilimia 65 hivi kwa siku kadhaa mfululizo, huchipua nyuzi nyembamba zinazotanda juu ya kioo mithili ya utando wa buibui. Nyuzi hizo hutoa asidi. Asidi hula kwanza tabaka la kinga lililopakwa juu ya kioo, kisha kioo chenyewe, na ikishafika hapo, hata fundi akiifungua lenzi na kuufuta ukungu wote, makovu yake hubaki.

Kwa mtu wa Dodoma habari hii ni ya mbali. Yeye anapambana na vumbi. Kwa mtu wa Dar es Salaam, Mombasa, Unguja au Lamu ni jambo la kila siku. Unyevu wa hewa huko huwa juu ya asilimia 70 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na ikifika masika, kati ya Machi na Mei, nguo hukataa kukauka na viatu vya ngozi huota ukungu mvunguni. Kiatu kikishaota, lenzi iliyomo chumba hichohicho nayo iko hatarini, ila yenyewe haitoi harufu.

Mpiga picha husifiwa kwa jicho lake, kwa subira yake, kwa kujua mwanga wa saa kumi na moja jioni. Sifa hizo ni haki yake, lakini ni nusu ya ufundi. Nusu ya pili ni utunzaji, na hiyo haina watazamaji. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja. Studio hiyo, iliyoko Barabara ya Kenyatta, Mji Mkongwe, ilirithiwa na mwanawe Rohit, na kuta zake zimejaa picha za Zanzibar ya zamani. Wageni huingia kuzitazama picha hizo na kuusifu upigaji wake. Wachache hujiuliza karatasi na filamu vinadumuje miongo mingi katika mji ambao chokaa ya ukutani yenyewe hubanduka kwa unyevu. Picha haidumu hivyo bila mtu wa kuitunza.

Mahali pabaya pa kuweka kamera kwa muda mrefu ni pale palipotengenezwa kwa ajili yake: mfukoni. Sponji ya ndani ya mfuko hunyonya unyevu na kukaa nao, na mfuko wa ngozi ni mbaya zaidi kwa kuwa ngozi yenyewe ni chakula cha ukungu. Mfuko ni wa safari. Nyumbani kamera hukaa vizuri zaidi ndani ya kontena la plastiki lenye kifuniko cha kubana na mpira pembeni, lile ambalo jikoni huwekewa unga au bajia za futari. Kontena peke yake halitoshi, maana hufungia ndani hewa ileile yenye unyevu. Linahitaji silika jeli. Vipakiti vinavyotoka kwenye boksi la viatu kwa kawaida vimekwisha kushiba maji kabla havijafika nyumbani, hivyo afadhali kununua chembe zenyewe, zile zinazobadilika rangi kutoka chungwa kuwa kijani zinaposhiba. Zikishashiba hazitupwi: humwagwa katika sinia la bati na kukaushwa ndani ya oveni kwa joto la nyuzi 120 hivi, saa moja au mbili, mpaka rangi yake irudi. Zilizomo ndani ya vipakiti vya karatasi zisikaushwe hivyo, vipakiti huweza kuharibika.

Kipimo kinachotakiwa ni unyevu wa asilimia 40 hadi 50. Kipima unyevu kidogo cha dijitali, kikiwekwa ndani ya kontena, huondoa ubishi wote. Kukausha kupita kiasi nako si uungwana: chini ya asilimia 30 mipira na mafuta ya ndani ya lenzi huanza kupata taabu. Mchele, ambao watu wengi huutumainia, hunyonya unyevu kidogo tu na huacha unga mwembamba kila mahali. Ubaki kuwa wa pilau. Mwenye studio na lenzi nyingi hununua kabati kavu la umeme, na hata umeme ukikatika, kabati likiwa limefungwa hukaa kavu kwa saa nyingi.

Nyumba za pwani zina mambo mengine mawili ambayo vitabu vya maelekezo vya watengenezaji haviyajui. La kwanza ni udi. Moshi wa udi na ubani una mafuta, na mafuta hayo hutua juu ya kioo cha mbele na kuacha tabaka lisiloonekana mchana, ila usiku kila taa hupata duara la mwanga wa maziwa. Chumba kikifukizwa, kamera iwe imefunikwa. La pili ni desturi ya kuweka vitu vya thamani kwenye sanduku pamoja na vidonge vya naftalini vya kufukuza nondo. Mvuke wa vidonge hivyo haufai kukaa karibu na plastiki, filamu wala lenzi. Kanga za mama na kamera visilale sanduku moja.

Kiyoyozi nacho kinataka akili. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 huanza kudondosha umande juu ya kitu chochote chenye baridi ya chini ya nyuzi 25 hivi. Kamera iliyolala katika chumba cha nyuzi 20 ikitolewa ghafla barazani, vioo vyake hulowa papo hapo, na maji hayo huweza kuingia hadi ndani. Wapiga picha wa harusi wanalijua hili vizuri, kwa kuwa bibi harusi hupambwa kwenye kiyoyozi na kutolewa kwenye joto. Dawa yake ni kuifunga kamera ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kutoka, na kuiacha humo nusu saa au zaidi mpaka ipate joto la nje. Umande utaangukia plastiki.

Mengine ni mafupi. Betri hutolewa ndani ya kamera isiyotumika, ikiwa na chaji ya nusu hivi, wala isiachwe imejaa kabisa au imekauka. Kadi si mahali pa kuhifadhi picha, ni mahali pa kuzibeba. Picha zinazopendwa ziwe na nakala mbili katika vyombo viwili tofauti. Negativu za zamani zikianza kunuka siki, filamu yake imeanza kuoza kwa joto na unyevu: zitengwe na nyingine na kunakiliwa upesi. Na kamera itumike. Kutolewa nje mara kwa mara, kupata mwanga na hewa inayotembea, ni kinga bora kuliko chembe zote za silika.

Hapa ndipo simu inapoingia, kwa kuwa simu haihitaji lolote kati ya haya. Lenzi yake ni ndogo na imefungwa, mwili wake mara nyingi umezibwa dhidi ya maji, nao hukaa mfukoni mwenye joto na kushikwa tangu alfajiri mpaka usiku. Ukungu haupati nafasi. Viwanda vya kamera vimeuona uzito wa jambo hilo: mwaka 2010 dunia ilipelekewa kamera za dijitali zaidi ya milioni 120, na mwaka 2023 hazikufika milioni 10. Anayedhani wote waliohamia kwenye simu wamepotea njia hajapiga hesabu. Kwa picha ya mtoto akitembea kwa mara ya kwanza, ya risiti, ya barabara iliyofurika maji, chombo bora ni kile kilichopo mkononi.

Tofauti iko katika mwanga. Kihisi cha kamera kubwa, yaani sehemu inayoupokea mwanga huo, kina milimita 36 kwa 24. Kile cha simu nzuri ya bei ghali kina milimita kama 10 kwa 7 na nusu, yaani eneo dogo zaidi ya mara kumi. Simu huziba pengo hilo kwa werevu: hupiga picha kadhaa kwa mfululizo wa haraka na kuziunganisha kuwa moja. Kitu kikiwa kimetulia, matokeo hushangaza. Ukumbini usiku, wanawake wakitunza taarabu na mikono ikiwa hewani, picha hizo hazilingani, na vidole hugeuka moshi. Vivyo hivyo kwa mandhari ya nyuma inayofifishwa: kamera huififisha kwa kioo, simu hukisia mpaka wa kichwa uko wapi na kukata. Kofia ya vito iliyotobolewa matundu madogo kwa sindano ni mtihani mgumu kwake; mara nyingi matundu huzibwa au ukingo hulika.

Liko pia suala la kanzu. Kipima mwanga cha kamera hutaka kila kitu kiwe na wastani wa kijivu. Bwana harusi mweusi aliyevaa kanzu nyeupe hukifanya kipunguze mwanga, kanzu ikawa ya kijivu na uso ukazama. Mpiga picha mzoefu huzungusha gurudumu la kuongeza mwanga kabla hajainua kamera, kidole kikifanya kazi bila kutazamwa. Kwenye simu jambo hilo huwezekana pia, kwa kugusa uso kwenye kioo na kuburuta, ila bwana harusi amekwisha kugeuka.

Basi mwenye kuchagua ajiulize kwanza atakiweka wapi chombo, ndipo aulize megapikseli. Asiye na nafasi ya kontena kavu wala hamu ya kukausha chembe kila baada ya muda, simu nzuri itamfaa kuliko kamera nzuri itakayopofuka. Aliye tayari kutunza hupata chombo cha umri mwingine kabisa. Simu huzeeka pamoja na betri na programu zake. Nikon FM2 iliyotoka mwaka 1982 hutumia betri kwa kipima mwanga tu, na zilizotunzwa bado zinapiga.

Wengi huanza na kamera iliyotumika, na ukaguzi wake ni mfupi. Lenzi hutolewa, tundu lake hufunguliwa lote, na tochi ya simu humulikwa kutoka nyuma kwa pembeni, kioo kikitazamwa kutoka mbele. Vumbi huonekana kama nukta na halina madhara makubwa. Nyuzi zenye matawi ni ukungu, na utusitusi wa maziwa ambao haufutiki ni kovu lake. Mlango wa betri hufunguliwa kutafuta ukoga wa kijani. Mfuko hunuswa: harufu ya uvundo inaeleza kamera ililala wapi. Shata husikilizwa kwa kasi zote, za chini hasa, kwa kuwa ndizo za kwanza kukwama. Baada ya hapo ndipo bei huzungumzwa.