Mtetezi na Mtetewa: Ulemavu na Elimu katika Kidagaa Kimemwozea

Riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea, ilikuwa kitabu teule cha mtihani wa KCSE tangu mwaka 2013 hadi 2017. Katika miaka hiyo ilisomwa Kisii na Nyamira kama ilivyosomwa kwingineko nchini Kenya. Uhakiki mwingi wa riwaya hii umejikita katika dhamira ya uongozi mbaya. Makala haya yanashughulikia suala ambalo kwa kawaida hutajwa kwa aya moja tu, nalo ni usawiri wa watoto wenye ulemavu, na linavyohusiana na utetezi wa elimu ya wanafunzi wenye ulemavu wa kujifunza.

Mwalimu Majisifu anawaonea haya watoto wake wenye ulemavu. Dora, mkewe, ameelemewa na ulezi, na Imani ndiye anayewahudumia kwa upole. Kinaya ni dhahiri: aliyesomea kazi ya kuelimisha watoto wa wenzake hawathamini wake mwenyewe. Hata hivyo, wema wa Imani ni wema wa malezi. Simulizi linawaonyesha watoto hawa nyumbani zaidi kuliko darasani, na tunawajua kupitia macho ya wanaowatunza. Msomaji anafundishwa kuwahurumia. Hafundishwi kuuliza wanaweza kujifunza nini.

Zaidi ya hayo, ulemavu wa riwaya hii ni ule unaoonekana. Ulemavu wa kujifunza, kama vile disleksia, haujitambulishi kwa macho. Mwenye nao huitwa mvivu au mjinga, na kwa kuwa haonekani kuwa mlemavu, hata huruma ya Imani haimfikii. Hapa ndipo mazingira ya Kisii na Nyamira yanapodai usomaji makini. Ekegusii haina sauti l, ina r. Mtoto anayeandika “kura” akikusudia “kula” huenda anafuata fonolojia ya lugha yake ya kwanza tu. Vilevile Ekegusii ina irabu saba, ilhali maandishi yake yaliyozoeleka hutumia herufi tano. Mwalimu asiyeyajua haya ataona upungufu wa akili pasipo na upungufu wowote. Kwa upande mwingine, anayeyajua akaishia hapo ataisingizia lugha ya mama kila kosa, na mwenye disleksia atapita darasa hadi darasa bila kutambuliwa. Makosa haya mawili yanapingana, lakini anayeumia ni mtoto yule yule.

Utetezi wa elimu una kazi hasa katika mwanya huu. Kazi yake ya kwanza ni kudai mtoto apimwe kabla ya kuhukumiwa. Kenya imekuwa na vituo vya tathmini ya kielimu tangu mwaka 1984, na taasisi ya taifa ya kuwafunza walimu wa elimu maalumu, KISE, tangu 1986. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata elimu katika taasisi zilizojumuishwa katika jamii. Lakini sheria haijisomi yenyewe. Inahitaji mzazi atakayeitaja mbele ya mwalimu mkuu, na mwalimu atakayeomba mtahiniwa aongezewe muda katika chumba cha mtihani. Mwanafunzi aliyetambuliwa mapema, akafundishwa sauti na herufi hatua kwa hatua, akaruhusiwa kujibu kwa mdomo pale inapofaa, hustawi kwa sababu kipimo sasa kinapima anachokijua. Hapo hapimwi tena kwa kasi ya kusoma peke yake.

Hata hivyo, riwaya yenyewe inatupa onyo ambalo watetezi hawana budi kulizingatia. Majisifu anauiba mswada wa Amani na kuuchapisha kwa jina lake. Wahakiki huusoma wizi huu kama suala la ufisadi. Sisi tunauona pia kuwa ufunguo wa usawiri wa watoto wake: mtu huyu mmoja anamnyang’anya mwenzake sauti, na nyumbani kwake anawaficha wasio na nafasi ya kusema. Mtetezi anayezungumza daima kwa niaba ya mwanafunzi, asimwulize anasomaje wala anakwama wapi, anaelekea njia hiyo hiyo, japo kwa nia njema.

Kwa hiyo, udhaifu wa riwaya hii si kukosa huruma. Ni kwamba inaifikisha huruma mlangoni pa shule na kuiacha hapo. Mwanafunzi wa Nyamira mwenye disleksia alitakiwa kuisoma, kuichambua na kuiandikia insha kwa muda uliopangwa, na ndani yake hakumkuta mhusika wa hali yake. Mhakiki anayefundisha matini hii leo anaweza kuanzia kwenye pengo hilo: awaulize wanafunzi wake ni nani darasani humo hajawahi kuulizwa.