Hoja na Jina la Mola

Mapadre Weupe walifungua misheni ya Ushirombo mwaka 1891, katika nchi ya Wasumbwa. Wanyamwezi, ndugu na majirani zao, walikwisha kuwa na majina ya Mungu: Limatunda, yaani Muumba, na Liwelelo, yaani ulimwengu.

Watetezi wa Ukristo huanzia kwingine: kila kilichoanza kina chanzo, ulimwengu ulianza, basi una chanzo. Msomaji wa pwani ataitambua hoja hii, kwani ni ya ilimu ya kalam. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliisimamisha mbele ya wanafalsafa. William Lane Craig akaihuisha kwa Wakristo mwaka 1979.

Uzuri wake ni wa ubeti: vipande viwili vyenye mizani, kisha kituo. Upungufu wake u katika kituo hicho. Chanzo hakina masikio, hakiombwi mvua. Limatunda huitwa.

Lakini jina la Liwelelo nalo lina hatari yake: Mungu akiwa ndiye ulimwengu, nani kaumba nini? Hapo hoja hulifaa jina, kwa kumtenga Muumba na kiumbe. Nalo jina huipa hoja wa kumwelekea.