Barua Inayofuatana na Wosia

Wosia una masharti yake. Kanuni za wosia za sheria ya mila, zilizotangazwa mwaka 1963, zinataka wosia wa maandishi ushuhudiwe na watu wasiopungua wawili wanaojua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Mwenye wosia akiwa hajui kusoma, mashahidi huwa wanne. Barua ya matakwa, ile inayowekwa pamoja na wosia bila kumfunga mtu yeyote, haina sharti hata moja. Nguvu yake yote iko kwenye maneno, na ndiyo maana namheshimu sana anayeiweza.

Tuseme mzee wa Ipinda, wilayani Kyela, ana majaruba ya mpunga bondeni na shamba la kakao nyumbani. Wosia unasema majaruba ni ya binti, kakao ni ya kijana, basi. Kisha bei ya kakao inapaa kama ilivyopaa mwaka 2024, na binti anajiuliza baba alimwonea kwa lipi. Barua nzuri imeshamjibu: "Mwanangu, majaruba nimekupa wewe kwa kuwa ndiwe uliyelima nami kaka yako alipokuwa shuleni Mbeya. Naye anajua ada yake ilitoka kwenye mpunga huo." Tazama sentensi ile ya pili. Inamheshimu binti, na papo hapo inamkumbusha kaka deni lake bila kumwaibisha.

Kazi ngumu zaidi ni kuchagua kitenzi. Mwandishi mwenye pupa ataandika: "Majaruba yasiuzwe kamwe." Lakini Kyela ni nchi ya mito. Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kwa nguvu kuelekea Ziwa Nyasa, na mafuriko yanaweza kuacha mchanga mahali palipokuwa na mpunga. Amri ya namna hiyo itawatesa watoto kwa ajili ya shamba lisilolimika tena. Mzee mwenye subira huandika: "Ardhi hii ndiyo iliyotulisha. Mkibanwa hadi kuiuza, naomba mkae wote kwanza, na mama yenu asikose chakula." Hata shamba likiondoka, ombi hilo bado lina kazi.

Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia bintiye utenzi wa mawaidha huko pwani ya Lamu mwaka 1858, alifanya kazi ya jamii hii: alimwachia mwana namna ya kuishi na watu.

Mwandishi hodari hajaribu kugawa mali mpya ndani ya barua wala kupinga wosia, maana hapo ndipo ugomvi huanzia. Anaeleza angependa azikwe wapi, nani alimkopesha fedha bila hati, mjukuu yupi asaidiwe kusoma. Na kwa kuwa barua haihitaji mashahidi, masika yakiisha na mipaka ya maji ikionekana, anaweza kuiandika upya, akaitia tarehe mpya na kuichana ile ya zamani.