Ile V ya Ikwaliza Ilimmeza Mbaraka

Mliokuwepo kwenye lile onyesho la ampu za zamani mlisikia wenyewe. Fundi aliambiwa apunguze sauti, majirani walale. Akashusha volyumu, sawa. Kisha vidole vikaenda kwenye ikwaliza: hezi 60 juu, 1,000 chini, 16,000 juu sawasawa na 60. V kamili, na muziki ukaharibika palepale.

Spika alizisogeza vizuri mbali na kuta, na nyaya hazikuvuma. Hayo yamekwisha.

Turudi kwenye V. Kwamba besi ilihitaji msaada, hakuna ubishi. Fletcher na Munson wa Bell Labs walishaonyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikipungua, sikio hupoteza besi kwanza. Kwa vipimo vya ISO 226, vyenye mistari ya sauti zinazosikika kwa nguvu sawa, ukishusha hezi 1,000 kutoka desibeli 80 hadi 40, hezi 100 inatakiwa ishuke kwa takriban desibeli 30 tu ili uwiano usivunjike. Pengo ni kama desibeli 10, na huongezeka ukiteremka kuelekea hezi 50.

Lakini tribo, ile 16,000, ilimkosea nini? Kuanzia hezi 1,000 kwenda juu, mistari ya vipimo hivyo hushuka karibu sambamba. Hapakuwa na pengo kubwa la kuziba. Akaipandisha tribo kama besi, na ilipopigwa "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe, mikwaruzo ya sahani ikatangulia mbele ya gitaa. Na ile 1,000 aliyoizamisha ndiyo inayobeba sauti ya Mbaraka mwenyewe na nyuzi zake za solo. Mliokaa nyuma, nani alisikia maneno?

Nimeshasema na nitarudia: kitufe cha laudnesi cha kubonyeza ndicho kilichowafundisha mafundi wetu tabia hii. Kinaongeza besi na tribo bila kujua spika zako zina nguvu gani, wala simu yako inaleta sauti kiasi gani kwa bluetooth. Yamaha wa miaka ya 1970 waliliona hilo, wakaweka laudnesi ya kuzungusha. Unapandisha kwanza volyumu hadi kiwango chako cha kusikiliza kwa nguvu, halafu unapunguzia kwenye laudnesi. Sauti za kati zinashuka zaidi kuliko besi, hatua kwa hatua, na mwanzo wa hesabu ni chumba chako na spika zako. Wale walikuwa mafundi. Leo tunauziwa sabufa zenye taa za rangi.

Alichotakiwa kufanya kilikuwa kidogo: apandishe hezi 100 kwa desibeli 5, asikilize kama noti za gitaa la besi zinatofautiana, aongeze taratibu, na aache kabla hazijaanza kuvimba. Hezi 1,000 na 16,000 zingebaki zilivyo. Ni kazi ya wimbo mmoja, na usiku ulikuwa bado mchanga.