Jalada ni Mlango

Milango ya nakshi ya tembe la Kwihara, karibu na Tabora, yatukumbusha kwamba misafara ya karne ya 19, iliyopeleka pembe na watumwa Pwani, ndiyo pia iliyoleta bara sanaa ya Pwani. Mgeni aliitambua hadhi ya mwenye nyumba kabla ya kubisha hodi.

Jalada la katuni lina kazi iyo hiyo. Hayati Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986, aliwachorea wasomaji wa jarida la Sani wahusika kama Lodi Lofa na Ndumilakuwili. Uso na mkao wao hufichua tabia kabla neno halijasomwa.

Basi sisi walimu tusiwanyang'anye wanafunzi katuni, tuwafundishe kuzisoma. Anayedharau mlango hataijua nyumba.